SHERIA NDANI YA MELI

Mwalimu alipotaja Nyarugusu darasani, mimi nitokaye Geita nilidhani anasema mji wetu wa dhahabu. Kumbe ni kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wengi wakivuka Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 Warundi waliokwama ufukweni Kagunga nao walichukuliwa na meli yetu Liemba hadi Kigoma, kisha wengi wakapelekwa kambini huko.

Je, meli ikiwakuta wakimbizi mbali na nchi kavu, yaweza kuwarudisha? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, wakataza kumrudisha mkimbizi mahali penye hatari kwa maisha yake. Lakini je, katazo hilo lafika mpaka baharini?

Jibu lilipatikana kwa kesi ya Waafrika wenzetu. Mwezi Mei, 2009, meli za Italia ziliwapakia Wasomali na Waeritrea kusini ya kisiwa cha Lampedusa, zikawashusha Tripoli, Libya, bila hata kuwauliza majina. Watu 24 walishtaki. Serikali ya Italia ilijitetea kwamba iliwaokoa tu. (Kuokoa gani huko!) Tarehe 23 Februari, 2012, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba aliye ndani ya meli ya kivita ya Italia yu chini ya mamlaka ya Italia, hata katikati ya bahari. Washtaki walitakiwa walipwe Yuro 15,000 kila mmoja. Wawili walikuwa wamekwisha kufa.