Kufundisha Utambuzi wa Mashine: Injini za Kuzunguka na Vipunguza Mwendo

Kulijua jina la mashine si kuijua mashine yenyewe. Mwalimu mtarajiwa hana budi kuwazoeza wanafunzi kuuliza kwanza: kipi kinazunguka, na kipi kimetulia? Ndege ndogo ambazo watu hujijengea wenyewe ni mfano mzuri, kwa kuwa jina "injini ya kuzunguka" hubeba mitambo miwili tofauti.

Hatua ya 1: Kutambua injini. Katika Gnome ya Ufaransa, ambayo leo hufungwa katika baadhi ya nakala za ndege za kale, silinda zimepangwa kama njiti za gurudumu. Silinda hizo huzunguka pamoja na pangaboi, shafti imetulia. Katika injini ya Wankel, iliyowashwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1957, ganda limetulia na rota ya pembe tatu huzunguka ndani. Rota ikizunguka mara 1, shafti huzunguka mara 3. Baadhi ya wajenzi nchini Marekani hutumia Mazda 13B, injini ya gari yenye rota 2. Haina silinda za kuonekana. Kila ganda la rota lina plagi 2, moja juu ya nyingine.

Hatua ya 2: Kueleza sababu. Shafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Pangaboi la kipenyo cha meta 1.8 likifungwa moja kwa moja, ncha zake zitakwenda meta 565 kwa sekunde, kupita mwendo wa sauti, ambao ni kama meta 340. Hapo kelele huzidi na nguvu hupotea bure. Kipunguza mwendo cha uwiano wa 2.5 kwa 1 hushusha ncha hadi meta 226.

Hatua ya 3: Kutambua kipunguza mwendo. Mkanda wenye meno huweka pangaboi kando ya mstari wa shafti, na vyote huzunguka upande mmoja. Gia mbili zinazogusana hugeuza upande. Gia za sayari, duara la nje likiwa limefungwa, hubakiza mstari na upande vilevile. Vigurudumu vya uzi na mpira vyatosha kuonyesha mkanda.

Tathmini: Chora pangaboi lililo juu ya mstari wa shafti, likizunguka kinyume chake. Mwanafunzi ataje kipunguza mwendo, kisha aeleze sababu. Jibu lisilo na sababu lisipewe alama zote.