Gari Likiinuliwa, Nyuma Ipangwe Upya
Kijitabu cha elimu kwa wamiliki, madereva na mafundi wa magari wa Naipingo na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa

KWA NINI KIJITABU HIKI

Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, njia za mashambani huku kwetu hubadilika. Matairi ya malori na matrekta huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Gari la chini hukaa juu ya tuta hilo kama mtumbwi juu ya fungu la mchanga. Ndiyo maana wenye Land Cruiser, Prado, Patrol na Escudo huenda gereji na ombi moja: "Fundi, niinulie gari."

Kuinua gari si kosa. Kosa ni kuweka springi ndefu, kufunga nati na kuondoka. Nyuma ya gari pameungwa ekseli, difu, propela, shokapu, breki na rodi, na kila kimoja kilipangiwa urefu na pembe yake kiwandani. Chasisi ikipanda sentimita 5, pembe zote hizo zinahama. Zisiporudishwa, gari litatetemeka, litayumba mkia, litakula krosi (viungo vya propela), na siku ya kufunga breki ghafla mteremkoni litakusaliti ukiwa na watu na mzigo.

Nachingwea inajua gharama ya mashine zinazoletwa bila vipimo. Mradi wa karanga wa mkoloni ulianza mwaka 1947 kwa matrekta mengi na papara nyingi, kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Ulipofika mwaka 1951 ulikuwa umeachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake nayo ikafungwa katika miaka ya 1960. Tangu hapo korosho, ufuta na mbaazi zetu zinategemea barabara na magari. Kwa hiyo gari linaloaminika ni sehemu ya uchumi wa kaya, na linastahili kupimwa kabla ya kubadilishwa.

1. JAMBO LA KUJUA KABLA HUJALIPA

Springi ndefu huinua chasisi na bodi. Haziinui difu. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya matairi. Kama kinachogonga tuta ni difu, springi mpya hazitakusaidia. Ni tairi kubwa zaidi tu litakaloipandisha. Kama kinachogonga ni bampa, ngazi za pembeni au tumbo la gari, hapo springi zinasaidia.

Kwa kazi nyingi za njia zetu, kuinua kwa sentimita 4 hadi 5 kunatosha. Kila unapozidi hapo, marekebisho ya nyuma yanaongezeka na uzito wa gari unapanda juu zaidi. Gari la namna hiyo hulala sana kwenye kona na hupinduka kwa urahisi zaidi.

2. DALILI ZA NYUMA ILIYOVURUGIKA

- Mtetemo unaosikika sakafuni, unaokuja kwenye mwendo fulani na kupungua ukiuvuka.
- Mlio wa "kok" unapoingiza gia au kuachia mafuta.
- Krosi zinazokufa mara kwa mara, au sili ya difu inayovuja muda mfupi baada ya kubadilishwa.
- Mkia unaocheza kushoto na kulia kwenye barabara ya mawimbi, hata usukani ukiwa umetulia.
- Tairi la nyuma linalokaribia madigadi upande mmoja kuliko mwingine.
- Breki za mbele zinazoisha haraka huku za nyuma zikibaki nzima.

Bandu bandu huisha gogo. Mtetemo mdogo wa leo ndio unaomaliza krosi, kisha sili, kisha beringi za difu.

3. PIMA KWA VIFAA VYA MWASHI

Huhitaji mashine ya mjini. Futi, timazi, pima maji na chaki vinatosha. Simu yenye programu ya kupima mwinuko itakurahisishia pembe. Pima kabla ya kuinua, andika, kisha pima tena baada ya kazi.

Simamisha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Gari linalobeba magunia 10 ya korosho ya kilo 80 lina kilo 800 mgongoni, na pembe zake tupu si pembe zake za kazini. Kwa hiyo pima mara mbili, likiwa tupu na likiwa limepakiwa.

*Kimo.* Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne.

*Ekseli kuhama pembeni.* Ning'iniza timazi kutoka ukingo wa madigadi ya nyuma, upime umbali wa uzi hadi tairi, kushoto na kulia. Linganisha pande hizo mbili. Usilinganishe nyuma na mbele. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 za miaka ya karibuni, magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele tangu kiwandani, na hilo si hitilafu.

*Ekseli kwenda mshazari.* Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vikitofautiana, ekseli imekaa mshazari.

*Pembe za propela.* Pima mwinuko wa mahali propela inapotokea kwenye gia boksi, mwinuko wa bomba la propela lenyewe, na mwinuko wa pua ya difu, yaani mahali propela inapoingia kwenye difu. Namba hizi tatu ndizo zitakazokuongoza katika sehemu inayofuata.

4. PROPELA: PEMBE MBILI ZINAZOSAIDIANA

Krosi ikizunguka ikiwa imepinda, upande wa pili hauendi kwa mwendo ulio sawa. Huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Propela ya kawaida ina krosi mbele na nyuma ili makosa ya krosi moja yafutwe na ya nyingine. Hilo hutokea kwa masharti mawili. Kwanza, mhimili unaotoka kwenye gia boksi na ule wa pua ya difu iwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1 hivi. Pili, uma za ncha mbili za propela ziwe kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo fundi atie alama ya chaki kabla ya kuifungua.

Chasisi ikipanda, pembe inaongezeka. Kwa propela ya urefu wa mita 1.3, kuinua sentimita 5 huongeza takribani nyuzi 2.2. Kwa propela fupi ya mita 0.8, mwinuko huohuo huongeza takribani nyuzi 3.6. Ndiyo maana gari fupi huumia mapema kuliko gari refu lililoinuliwa sawa nalo.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Fundi huona propela imeinama, akainua pua ya difu ili iitazame gia boksi. Kwa macho panapendeza, lakini usambamba umekufa na mtetemo unazidi. Kuielekeza pua ya difu kwenye propela ni sahihi pale tu propela inapokuwa na krosi pacha (mbili zilizoungana) upande wa gia boksi. Hata hapo, kwenye springi za majani, pua huachwa chini kidogo, nyuzi 1 hadi 2, kwa sababu itapanda gari likivuta.

5. GARI LENYE SPRINGI ZA MAJANI

Haya ni magari kama Land Cruiser Hardtop, za mkonga na pikapu nyingi. Springi nzima zilizotengenezwa kwa mwinuko huo ni bora kuliko kurundika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Kipande kirefu huipa ekseli nguvu ya kujipinda gari likivuta, na springi huchukua umbo la herufi S. Usipandishe kipande juu ya kipande.

Kurefusha vishikio vya nyuma vya springi huinua chasisi kwa takribani nusu tu ya urefu ulioongezwa. Pia huizungusha ekseli, na pua ya difu hupanda. Kama vipimo vyako vinaonyesha usambamba umepotea, tumia kabari ya chuma cha pua au chuma kigumu kati ya springi na kikalio chake. Pale springi inapokaa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari ukielekea nyuma, pua ya difu hupanda. Ukielekea mbele, hushuka. Springi ikiwa chini ya ekseli, mambo ni kinyume. Kabari ikiwekwa, bolti ya katikati ya springi iwe ndefu ya kutosha kuingia kwenye tundu lake.

Yu-bolti ziwe mpya na zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

6. GARI LENYE SPRINGI ZA KOILI

Prado, Land Cruiser 80 na 100, Patrol na magari mengine mengi yana mikono minne inayoshika ekseli isiende mbele wala nyuma, pamoja na rodi moja inayokingama kutoka kushoto kwenda kulia. Ncha moja ya rodi hiyo imefungwa kwenye chasisi, nyingine kwenye ekseli.

*Rodi inayokingama.* Chasisi ikipanda, rodi inasimama zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande ambako rodi imefungwa kwenye chasisi. Tuseme rodi ina milimita 900, na ncha zake zilipishana kimo kwa milimita 100. Ukiinua gari milimita 50, ekseli itahama milimita 7. Rodi inayorefushwa itairudisha ekseli katikati, lakini itabaki imesimama, na kila bonde litaendelea kuusukuma mkia pembeni. Dawa kamili ni kupandisha kishikio cha upande wa ekseli ili rodi irudi kwenye mwinuko wake wa zamani. Kishikio hicho kinabeba nguvu kubwa. Kichomelewe na mtu anayejua kazi na kiungwe pande zaidi ya moja.

*Mikono ya chini.* Baada ya kuinua, mikono huinama zaidi kuelekea ekseli. Magurudumu husogea mbele kidogo. Gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje hurudi nyuma na la ndani huenda mbele, na ekseli huanza kulipindisha gari yenyewe. Dereva huhisi mkia unamtangulia. Vishikio vya kushusha mikono upande wa chasisi hurudisha mwinuko, lakini hukaa chini na vinaweza kugonga visiki. Mikono inayorefushwa hurudisha gurudumu mahali pake.

*Pua ya difu.* Kurefusha mikono ya juu hupandisha pua. Kurefusha ya chini huishusha. Amua kwa vipimo vya sehemu ya 4.

*Bushi.* Nati za mikono na rodi zikazwe gari likiwa limesimama juu ya matairi yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mipira ya bushi itakaa imejisokota muda wote na itapasuka mapema.

7. BREKI: SEHEMU INAYOUA

Magari mengi ya kazi ya Toyota yana valvu ya breki za nyuma inayohisi mzigo. Imefungwa kwenye chasisi, na kijiti chake kimeungwa na ekseli. Mzigo ukishusha chasisi, valvu hupeleka nguvu zaidi nyuma. Gari likiinuliwa, valvu hudhani muda wote kwamba gari ni tupu. Hivyo breki za nyuma hupunguziwa nguvu wakati umepakia magunia na abiria. Kishikio cha kijiti upande wa ekseli kipandishwe kwa kiasi kilekile gari lilichoinuliwa, kisha breki zijaribiwe mahali salama, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Kagua pia mpira wa breki, waya wa handibreki na nyaya za magurudumu ekseli ikiwa imening'inia mpaka mwisho. Kitu chochote kilichokazika kama uzi wa gitaa kirefushwe. Shokapu ziwe za urefu unaolingana na mwinuko mpya. Fupi hugeuka kuwa kamba ya kushikilia ekseli na hung'oka. Mwisho, shusha taa za mbele zisimpofushe anayekuja.

8. USALAMA GEREJI

Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara na magogo ya kuzuia magurudumu. Propela ya nyuma ikishafunguliwa, gia haizuii tena magurudumu ya nyuma. Ukichomelea, ondoa nyaya za betri na kaa mbali na tangi na mabomba ya mafuta.

9. MUULIZE FUNDI

1. Umepima pembe za propela kabla ya kuinua? Nionyeshe namba.
2. Ekseli itarudishwaje katikati?
3. Valvu ya breki inayohisi mzigo utaifanyaje?
4. Mpira wa breki na shokapu vitafika ekseli ikining'inia?
5. Nitarudi lini kukaza nati?

Fundi mzuri atafurahia maswali haya. Asiye na majibu hajaelewa kazi, hata kama bei yake ni nafuu.

NENO LA MWISHO

Sheria ya Usalama Barabarani inadai gari linaloingia barabarani liwe salama. Kabla ya trafiki kukuuliza, kuna wanaokutegemea kwanza: mjamzito anayekimbizwa hospitali ya wilaya usiku wa mvua, mkulima aliyepandisha jasho la mwaka mzima mgongoni mwa gari lako, mtoto anayetembea pembeni mwa barabara akitoka shule. Mwashi hajengi ukuta bila timazi, kwa sababu anajua nani atalala ndani ya nyumba ile. Nawe usiinue gari bila kulipima, kwa sababu unajua nani atapanda.