Zebaki na Ubongo wa Watoto Wetu

Tumeulizwa na baadhi ya wanaohudhuria darasa yetu hapa Suna: mtoto ametimiza miaka miwili naye hatamki hata neno moja, je, angojewe, au apelekwe kwa tabibu? Swali ni fupi, lakini jawabu lake lataka kufafanuliwa, khasa kwetu sisi tukaao karibu na machimbo ya dhahabu.

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa mtoto azaliwapo ubongo wake huwa kama robo au thuluthi ya ubongo wa mtu mzima. Naye afikapo miaka miwili, umeshafikia kadiri ya sehemu nane katika kumi. Miaka miwili hiyo ndiyo hiyo hiyo ya kunyonya iliyotajwa na Sharia. Kila mama asemapo na mtoto wake, naye akamjibu kwa kicheko au kwa sauti isiyo maneno, mishipa ya fahamu huungana na kupata nguvu. Na kitu kijengwacho kwa mbio namna hii hudhurika upesi: kwa njaa, kwa malaria kali, kwa umanjano wa uchangani usiotibiwa. Haya yamesemwa mara nyingi. Tutakalo kulieleza leo ni zebaki.

Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo wangali wakichimba katika Suna na Nyatike. Mawe hupondwa yakawa unga, unga ukaoshwa kwa maji, kisha zebaki ikatiwa karaini ikashikana na chembe za dhahabu. Donge lile huchomwa moto. Zebaki hutoka kwa mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hivyo mtu haukimbii. Huingia mapafuni, ukaingia damuni, na kwa mwenye mimba hupita kondo la nyuma ukaufikia ubongo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Ama ile imwagikayo mitoni, vijidudu vya matopeni huigeuza sumu kali zaidi, nayo hukaa katika nyama ya samaki.

Huko Minamata, nchi ya Japani, mwaka 1956 yalitambuliwa maradhi yaliyoletwa na zebaki ambayo kiwanda kimoja kiliimwaga baharini. Walizaliwa watoto wenye viungo vilivyopotoka na fahamu dhaifu, na baadhi ya mama zao hawakuwa na dalili kubwa ya ugonjwa. Mkataba wa mwaka 2013, ambao Kenya nayo iliutia sahihi, ulipewa jina la mji huo. Nao wataka kukomeshwa kuchoma donge la zebaki peupe na katika makazi ya watu. Lakini mkataba wa Serikali wafaa nini, ikiwa karai limo jikoni?

Sisi hatumwambii mama asiye na shamba wala duka aache leo kazi impayo unga wa jioni. Twasema yaliyo katika uwezo wake: donge lisichomwe nyumbani kabisa, mwenye mimba na anyonyeshaye wasishike zebaki wala wasikaribie moto wake, mtoto asibebwe mgongoni kazini, karai la zebaki lisioshewe nguo wala vyombo, na nguo za machimboni zisiingizwe alalapo mtoto. Na mume amwachiaye mkewe mwenye mimba kazi ya kuchoma, ili yeye apokee dhahabu, ajue kuwa dhima ni yake.

Turudi katika swali. Mtoto hukaa bila kushikwa afikapo miezi 9 au karibu yake, na hutembea peke yake kabla ya kutimiza miezi 18. Afikapo mwaka mmoja hugeuka aitwapo jina lake, na afikapo miaka miwili huunganisha maneno mawili. Na aliyekuwa akisema kisha akanyamaza, huyo hapelekwi kesho. Kitabu cha afya ya mama na mtoto kina ukurasa wa mambo haya, lakini wengi wetu hukifungua kwa ajili ya chanjo tu. Wako wasemao kuwa vipimo hivi ni vya watoto wa Ulaya. Si kweli: huko Kilifi Bi. Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35 wa hapa petu, wakakieleza katika jarida la utabibu mwaka 2008.

Basi mtoto huyo asingojewe, wala asizungushwe kwa waganga wa majini na hirizi, kwani miezi ipoteayo huko ni ile ile ambayo ubongo wake ungali mwepesi kufundishika. Dua aombewe, na masikio yapimwe. Wako watoto wadhaniwao wazito wa akili, kumbe hawasikii. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapa hapa Suna. Na mzazi afikapo, amwambie muuguzi waziwazi kama nyumbani hutumiwa zebaki, kwani zebaki yaweza kupimwa katika mkojo, naye muuguzi hatauliza jambo asilolijua.