Mtoto wa Chanzuru na Sheria: Fanya Hivi, Acha Vile

Haya yanawahusu wazazi wa Chanzuru, wilayani Kilosa, wenyeviti wa vitongoji, watendaji, walimu, na watafiti wanaoshuka huku na madodoso yao. Hayazunguki.

Usiyamalize nyumbani. Mwanafunzi akipewa mimba, hakuna kikao cha wazee, mbuzi wala bahasha inayofuta kosa. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoingizwa mwaka 2016, kinasema anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Mlalamikaji ni Jamhuri. Baba hana cha kusamehe.

Toa taarifa siku hiyohiyo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116 bila malipo. Mtoto akiwa ameingiliwa, usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa kabla daktari hajamwona. Chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Na jirani asiseme hayamhusu: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azifikishe kwenye serikali ya mtaa au kijiji.

Tunza karatasi. Kesi hufia hapa, na hakuna anayetaka kulisikia hili. Mahakamani umri hauchukuliwi kwa kumtazama mtoto usoni. Lazima uthibitishwe, kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au mzazi anayetaja tarehe bila kubabaika. "Alizaliwa mwaka wa mafuriko" inatosha barazani. Wakili wa utetezi atauliza kama ni mafuriko ya Desemba 2009 au ya Januari 2010, na mama akisita, ushahidi umeanza kuvuja. Mwalimu naye aje na rejista ya mahudhurio yenye jina la binti lililoandikwa vilevile kama kwenye cheti. Bila kuthibitisha kwamba alikuwa mwanafunzi, 60A haina pa kushika. Kadi zikae kwenye mfuko wa nailoni, juu, mbali na panya.

Usiseme sheria inaruhusu miaka 15. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandikwa hivyo. Lakini Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Serikali ikakata rufaa; Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Kiongozi anayegonga muhuri ndoa ya binti wa miaka 15 hana pa kujifichia.

Usimchukulie aliyemaliza darasa la saba kuwa amekua. Hii ndiyo njia ya panya. Mtihani ukiisha, asipochaguliwa kwenda sekondari, wanaume wanahesabu kwamba si mwanafunzi tena, na wanabisha hodi. Wamesahau Kanuni ya Adhabu: kumwingilia binti chini ya miaka 18 ni kubaka, akubali asikubali. Msamaha pekee ulioachwa humo ni wa mume wa binti wa miaka 15 na kuendelea, na ndiyo maana posa huharakishwa.

Mrudishe shule aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu. Mwalimu mkuu asiulize "kwa nini amerudi".

Watafiti: msivune na kuondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na wavulana takribani 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya miaka 18. Takwimu hiyo ilipatikana kwa sababu vijana waliulizwa faraghani, kwa ridhaa. Msimhoji mtoto mbele ya shangazi yake. Msipige picha. Mkiambiwa jambo la kutisha, msilifungie kwenye dodoso. Mpelekeni mtoto kwa ofisa ustawi wa jamii. Kisha rudini msome matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, si kwa projekta.

Halmashauri ya kijiji: msitunge sheria ndogo ya faini kwa kosa la jinai. Faini ya elfu hamsini kwa mimba ya mwanafunzi ni bei, na wenye hela watailipa. Tungeni inayobana kumtoa mtoto darasani kwenda kuchunga au kupalilia, na inayolazimisha chakula cha mchana shuleni. Aliyewahi kusuluhisha ubakaji kwa mbuzi asiwe kwenye kamati ya ulinzi wa mtoto.