Swali na Jibu: Picha ipi ya Lancaster iaminiwe?

Swali: Naunda kielelezo cha ndege ya Lancaster kwa kipimo cha 1/72, na picha nizionazo zahitilafiana. Nifuate ipi?

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya kugusa gundi, chagua ndege moja kwa nambari yake ya ubavuni, maadamu katika zile 7,377 zilizoundwa nyingi zilibadilishwa hiki na kile vitani, kisha tafuta picha yake ya wakati ule ule, yenye tarehe, na hazina kubwa ya picha hizo imo Imperial War Museum, London. Ndege zilizohifadhiwa zafaa kwa umbo, ama kwa rangi tahadhari: PA474, ambayo ingali yaruka Uingereza, haikupata kushambulia adui, imepakwa rangi upya mara kadha wa kadha, na hata kibanda chake cha bunduki cha mgongoni kilitoka Argentina! Mchoro wa juu ya sanduku la kielelezo, kwa rai yangu, ni wa kumfurahisha mnunuzi. Picha ya kale ndiyo itakayokuonyesha ile michirizi ya kijivu ya moshi, iliyotambaa juu ya bawa nyuma ya kila injini, wala haikulingana.