Kuitazamia Tufani Kabla Haijafika Pwani

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Juni hata tarehe 30 Novemba, wenyeji wa pwani ya kusini ya Marekani husikiliza habari za hali ya hewa kwa makini, maana hiyo ndiyo miezi ya vimbunga. Yafaa tujue vimbunga hivyo hutoka wapi, na watu hujilindaje.

Asili ya kimbunga ni joto. Maji ya bahari yapatapo joto la digrii 26 na nusu za Sentigredi au zaidi, mvuke mwingi hupanda na kugeuka mawingu. Katika kugeuka huko mvuke hutoa joto, hewa ikazidi kupanda, na upepo ukaja mbio kujaza mahali pake. Mzunguko wa dunia huupinda upepo huo, nao huanza kuzunguka. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni haba mno. Ndiyo sababu vimbunga ni nadra sana pwani ya Kenya. Walakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 2024.

Huko Marekani, upepo wa tufani ukifikia mwendo wa kilomita 63 kwa saa, tufani hupewa jina. Ukifikia 119, huitwa kimbunga. Matangazo ni mawili. La kwanza husema kimbunga chaweza kuja, nalo hutolewa yapata saa 48 kabla ya upepo mkali kuanza. La pili, la saa 36, husema kinatazamiwa kuja. Mwenye busara hangoji la pili: asikiapo la kwanza hukaza madirisha, huweka akiba ya maji na chakula, na kuitengeneza safari ya kwenda bara.

Mji wa Galveston, katika Texas, ulijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 1900 wajuzi wa Kuba walisema tufani yaelekea magharibi; wakuu wa Washington wakadhani itageuka kaskazini. Tarehe 8 Septemba bahari ilikifunika kisiwa chote, wakafa watu wasiopungua 6,000. Baadaye wenyeji walijenga ukuta wa futi 17 mbele ya bahari, na kimbunga cha 1915 kilipokuja, waliokufa mjini walikuwa wachache.

Basi tukumbuke: auaye zaidi si upepo, bali maji. Dalili ya mvua ni mawingu. Aionaye dalili na ahame mabondeni kungali mchana.