Fundi Akiharibu Jikoni

Wapenzi wanandoa, leo tuzungumze juu ya mtu ambaye hatajwi katika mafundisho ya maandalizi ya ndoa, naye ni fundi.

Tuseme mume na mke wamejinyima kwa muda mrefu, na hatimaye jikoni pamewekwa kaunta ya graniti. Fundi ameondoka jioni akiwa amelipwa karibu pesa zote. Asubuhi mama anaosha vyombo, anaona maji yamekwenda kutuama ukutani. Anapitisha kitambaa, kinakwama mahali mawe mawili yalipounganishwa. Baada ya wiki chache mlango wa kabati chini ya sinki haufungi, kwa sababu mbao za chipubodi zimenywa maji zikavimba. Ugomvi unaanza, lakini si na fundi. "Huyo fundi wako!" anasema mama. "Si wewe uliyetaka tumalize kabla ya Krismasi?" anajibu baba.

Hapo muwe macho. Kaunta mbaya yaweza kurekebishwa kwa siku chache, lakini neno "fundi wako" likirudiwa kila maji yanapotuama, litaingia katika mambo mengine ambayo hayahusiani na jikoni. Basi, kabla ya kumpigia fundi simu, kaeni wawili mkubaliane kwamba fundi huyu ni wenu, hata kama aliletwa na mmoja.

Kisha kagueni kazi pamoja, mchana penye mwanga. Bwana mmoja huona ni jambo dogo kwa kuwa haoshi vyombo. Basi na aoshe jioni mbili. Wekeni pimamaji juu ya jiwe, mtazame kama tone la hewa linakaa katikati. Pitisheni sarafu penye kiungo, mtajua kama jiwe moja liko juu kuliko lingine. Tazameni vipande vyembamba vya jiwe mbele na nyuma ya sinki, maana hapo ndipo graniti ilipo dhaifu na ndipo hupasuka ikikosa kushikiliwa vizuri kwa chini. Tazameni pia silikoni iliyozibwa kati ya jiwe na ukuta. Yaliyo wazi pigeni picha.

Makosa hayalingani. Silikoni hutolewa ikawekwa upya. Kiungo kibaya mara nyingi husawazishwa. Lakini jiwe lililokatwa fupi halirefushwi, na ubao wa chipubodi uliovimba haurudi ulivyokuwa. Hapo ni kubadilisha. Mkijua hayo hamtamdai fundi zaidi ya haki, wala hamtakubali apake gundi juu ya ufa aondoke.

Sasa mwiteni. Na hapa, baba, nina neno nawe. Mara nyingi mama ndiye aliyeonyesha kosa siku ile ile ya kazi, na fundi akamjibu, "Nitaongea na mzee mwenyewe." Mzee akija jioni, fundi anamweleza kwa maneno ya kiume kwamba kazi ni safi, nao wanaagana wakicheka. Mama anabaki na maji yake ukutani, na ameaibishwa katika jikoni lake. Fundi akikuambia hivyo, mjibu mbele ya mkeo: "Mwenye jikoni ni huyu. Mwonyeshe yeye." Maneno hayo yatamponya mama kuliko kaunta mpya.

Msikilizeni fundi pia. Huenda kabati zilitengenezwa na mwingine, na ukuta haukunyooka. Lakini fundi aliyeweka jiwe juu ya kabati zilizopinda bila kuwaambia hawezi kujitetea sana. Andikeni mtakayokubaliana: kitakachofanywa, siku, na nani atanunua vifaa.

Kuhusu pesa, Papa Leo wa XIII katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891 alifundisha pande zote mbili: tajiri asimpunje mfanyakazi ujira, na mfanyakazi atimize kwa uaminifu kazi aliyokubali kwa hiari. Basi zuieni kiasi kinacholingana na kosa, si malipo yote. Kama ni ninyi mliomwajiri kijana aliyebeba mawe, mlipeni yote. Hakukata jiwe yeye.

Kama fundi ni wa jumuiya yenu ndogo ndogo, wengi huona haya kudai. Daini kwa upole, faraghani, wala msilete jambo hilo katika sala ya jumuiya kwa mafumbo. Akikataa kabisa, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na kulipwa fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nawe waweza kujisemea bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Pelekeni mapatano, picha, na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha mlivyolipa.

Naye atakapokuja kurekebisha, sehemu ya mwisho ya malipo isubiri. Silikoni mpya iachwe ikauke kwa saa 24, kisha mama amwage maji juu ya kaunta, nanyi wote watatu msimame mtazame yanakokwenda.